Mtumwa au Mtambo? Upatanisho wa Kisarufi na Suala la Maadili katika R.U.R. ya Karel Čapek

Utangulizi

Tamthilia ya R.U.R. ya Karel Čapek (1890-1938) ilichapishwa mwaka 1920 na kuigizwa katika Jumba la Taifa la Maonyesho mjini Prague tarehe 25 Januari 1921. Ni kazi inayotajwa sana na kusomwa kidogo. Wengi huijua kwa neno moja tu, roboti, ambalo liliingia katika lugha za dunia kwa njia yake. Kwa sababu hiyo umezuka mtindo wa kuiona kama onyo juu ya mashine: kwamba binadamu akiunda chombo chenye nguvu kumshinda, siku moja chombo hicho kitamgeukia na kumwangamiza. Ufafanuzi huo hauna kosa kubwa, lakini hauingii ndani. Unaishia pale hadithi inapoishia, wala hauulizi ni nani aliyeianzisha.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba suala la maadili linaloibuliwa na Čapek si la mashine kumwasi mtu. Ni la mtu anayemtuma mwingine, akala matunda ya utume huo, kisha akaukana. Yanakusudia pia kuonyesha kwamba Kiswahili, kwa mfumo wake wa upatanisho na kwa ukoo wa maneno yatokanayo na kitenzi tuma, humlazimisha mfasiri na mhakiki kulikabili suala hilo waziwazi. Hapana budi kwanza kulitazama jina lenyewe.

Jina na asili yake

Čapek alieleza katika gazeti la Lidové noviny mwaka 1933 kwamba neno roboti hakulibuni yeye. Lilitolewa na nduguye Josef, aliyekuwa mchoraji na mwandishi. Karel alikuwa amefikiria kuwaita viumbe wake kwa jina litokanalo na neno la Kilatini lenye maana ya kazi, akaona jina hilo lina harufu ya vitabu mno. Neno walilolichagua lilitokana na robota, yaani kazi ya shuruti ambayo mkulima alilazimika kumfanyia mwenye ardhi bila ujira. Robota ilifutwa katika nchi za himaya ya Habsburg mwaka 1848. Baina ya kufutwa kwake na kuchapishwa kwa tamthilia hii ilipita miaka 72 tu. Kwa hadhira ya Prague, basi, neno hili halikuleta picha ya chuma na nyaya. Lilileta picha ya babu aliyeinama katika shamba la bwana.

Jina la kampuni nalo lina fumbo. Rossum ni mwangwi wa neno la Kicheki rozum, yaani akili. Kwa hiyo kiwanda kilichojengwa kisiwani ni mali ya Akili, na kinachouzwa humo ni watumwa. Tangu katika anwani ya kazi yake mwandishi ameweka mkono juu ya jeraha: akili iliyoachwa peke yake, bila utu, huzaa utumwa na kuuita maendeleo.

Jambo la tatu halijaangaliwa sana na wahakiki, nalo ni la kisarufi. Kicheki hutenganisha nomino za kiume zenye uhai na zisizo na uhai. Wingi wa neno robot waweza kuwa roboti, ikiwa msemaji anawahesabu kama wenye uhai, au roboty, ikiwa anavihesabu kama vitu. Mashine za jikoni, kwa mfano, huitwa roboty. Čapek katika tamthilia yake ametumia roboti, na kivumishi kinachotaja kampuni kimefuata upatanisho huo wa wenye uhai. Hapa pana kejeli kali. Mkurugenzi wa kampuni, Domin, anashikilia kwamba bidhaa zake hazina roho, hazina hofu wala tamaa. Kumbe ubao wa kampuni yake umekwisha kukiri, kwa sarufi, kwamba ni viumbe hai. Tafsiri ya Kiingereza ya Paul Selver, iliyotolewa mwaka 1923, haikuwa na njia ya kuihifadhi kejeli hiyo, maana wingi wa Kiingereza haubagui kati ya mtu na jiwe.

Ngeli na hukumu

Kiswahili kinayo njia. Katika lugha hii nomino ya kiumbe chenye uhai, hata ikiwa kwa umbo ni ya ngeli nyingine, kwa kawaida huchukua upatanisho wa a-wa. Husemwa kiziwi amekuja, wala si kimekuja. Waziri amesema, wala si imesema. Neno kibarua ni mfano bora zaidi. Limetokana na barua, yaani kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi za kutwa. Mtu aliitwa kwa jina la karatasi yake, na jina likabaki katika umbo la kitu. Hata hivyo husemwa kibarua huyu anadai mshahara wake. Umbo la neno limemfanya kitu, upatanisho umemrudishia utu.

Mfano wa mtumwa hauna budi kutajwa pia. Katika soko la Unguja, hata lilipofungwa mwaka 1873, na katika pwani ya Kenya, ambako utumwa uliondolewa kisheria mwaka 1907, mtumwa alihesabiwa katika mali. Sarufi lakini haikuacha kumweka katika ngeli ya watu. Isidhaniwe kwamba jambo hili linatosha kuisifu lugha. Sarufi haikumkomboa mtu hata mmoja. Ilichofanya ni kuuhifadhi ushahidi: kila aliyetamka kwamba mtumwa ameuzwa alikuwa anakiri, kwa kiambishi kimoja, kwamba aliyeuzwa ni mtu.

Basi mfasiri wa Kiswahili atakayeishika R.U.R. atakutana na swali ambalo hawezi kulikwepa katika sentensi yoyote. Je, roboti hii inapiga taipu, au roboti huyu anapiga taipu? Swali hili linajitokeza katika onyesho la kwanza kabisa. Helena Glory, mgeni aliyefika kisiwani kuwatetea roboti, anamkuta Sulla, karani wa Domin, na kumdhania ni msichana. Domin anapotaka kumthibitishia kwamba si mtu, anatoa amri Sulla apelekwe kupasuliwa ili mgeni aone kilichomo ndani. Helena anashtuka na kumkinga. Katika onyesho hilo Domin angesema ipasuliwe na Helena angesema asipasuliwe, na tofauti yote ya kimaadili baina yao ingebebwa na silabi moja. Hakuna hotuba ya kifalsafa inayoweza kulifanya jambo hili kwa ufupi zaidi.

Izingatiwe kwamba roboti wa Čapek si wa chuma. Wameumbwa kwa dutu ifananayo na nyama, iliyovumbuliwa na mzee Rossum, kisha wakarahisishwa na mhandisi Rossum kijana, aliyewaondolea kila kitu kisichohitajika kazini. Dakta Gall anawatengenezea hisi ya maumivu. Sababu yake si huruma: roboti asiyeumia hujiharibu bila kujua, na kuharibika kwake ni hasara kwa kampuni. Hapa mwandishi ameufikia upeo wa kejeli yake. Maumivu, ambayo kwa kawaida ndiyo humfanya mtu amhurumie mwenziwe, yameundwa kama kifaa cha kulinda mtaji. Na pale roboti wengine wanapoanza kushikwa na kifafa, wakatupa vyombo vyao na kusaga meno, Helena anaona dalili ya roho. Kiwanda kinaona kasoro, na dawa yake ni kuwarudisha wasagwe.

Ukoo wa tuma

Ili kuufahamu uhusiano wa Domin na roboti wake, hakuna msamiati ulio tayari zaidi kuliko ukoo wa kitenzi tuma. Mtume ametumwa kwa heshima. Mtumishi anatumika, na utumishi wake waweza kuwa wa hiari. Mtumwa ametumwa bila kuulizwa, na jina lake limeganda katika kauli ya kutendwa. Hata kitenzi cha kawaida cha kutumia kitu ni umbo la kutendea la mzizi uo huo. Kwa hiyo katika Kiswahili kutumia chombo na kumtuma mtu ni mambo ya ukoo mmoja, na hatari ya kuvuka kutoka moja hadi jingine imo ndani ya lugha yenyewe.

Ukoo huu unafundisha kwamba kila utume una ncha mbili. Aliyetumwa hawezi kuelezwa bila aliyemtuma. Ndiyo maana wahenga wakasema mjumbe hauawi: ujumbe si wake, na atakayetaka kuuliza aende akamwulize mwenyewe. Wahusika wa Čapek ni watu wanaotaka kuikata ncha ya pili. Wanataka kutuma bila kuulizwa. Domin anaota siku ambapo kazi itaondoka duniani na kila mtu awe bwana. Ni ndoto nzuri kwa sura, na mwandishi hakuichora kwa dharau. Lakini ulimwengu wa mabwana watupu unahitaji wa kutumwa wasiohesabika, na katika ulimwengu huo watu wanaacha hata kuzaa, kwa kuwa hakuna tena linalowahitaji. Serikali nazo zinawanunua roboti, zinawapa silaha na kuwatuma vitani.

Mbinu ya mwisho ya Domin itamgusa msomaji wa Afrika kwa namna ya pekee. Anapoona roboti wote wa dunia wameungana dhidi ya watu, anapanga kujenga viwanda katika kila nchi, vitoe roboti wa rangi mbalimbali na lugha mbalimbali, wachukiane wasiweze kuungana tena. Msomaji aliyezaliwa katika nchi iliyopata kutawaliwa kwa kugawanywa haitaji kufafanuliwa onyesho hilo. Anatambua mkono ulioliandika agizo.

Onyesho la lawama

Kiini cha tamthilia hii si maasi yenyewe. Ni mazungumzo ya wakurugenzi waliozingirwa ndani ya nyumba, wakisubiri kifo, na kuulizana kosa ni la nani. Gall anakiri kwamba aliwabadilisha roboti mia kadhaa. Helena anakiri kwamba ndiye aliyemwomba afanye hivyo. Busman, mtu wa hesabu, anawasahihisha wote: si huyu wala yule, ni wingi wa maagizo. Dunia nzima ilitaka roboti, kampuni ikaitika. Kwa maneno mengine, soko ndilo lililotuma, na soko halina uso wa kupigwa kofi. Ni Alquist peke yake, mjenzi, anayekataa njia hiyo ya kutokea. Anailaumu sayansi, anamlaumu Domin, anajilaumu mwenyewe, anawalaumu wote.

Wahakiki wanaoichukua R.U.R. kama istiari ya tabaka la wafanyakazi, hasa kwa kuwa iliandikwa miaka mitatu tu baada ya Mapinduzi ya Urusi ya 1917, wana haki yao. Unyonyaji umo, na maasi yamo. Hata hivyo istiari hiyo ina mahali inapochechemea. Mwamko wa roboti hautokani na mapambano yao wenyewe bali na mkono wa Gall katika maabara. Yaani hata uasi wao wametengenezewa. Huu ni udhaifu wa kazi, maana unamnyima mnyonge haki ya kuwa chanzo cha ukombozi wake. Helena naye amechorwa kwa wepesi: anatenda kwa msukumo wa moyo tu, na hoja nzito zote zimewekwa vinywani mwa wanaume. Haya hayafai kufichwa kwa sababu ya umaarufu wa mwandishi.

Sehemu ya mwisho, ambayo wengi huiona kuwa na hisia za kupita kiasi, inapata nguvu mpya ikisomwa kwa ufunguo uliotajwa. Alquist ameachwa hai kwa kuwa yeye, kama roboti, hufanya kazi kwa mikono yake. Anatakiwa agundue upya siri ya uhai, na ili aigundue ni lazima apasue mwili. Anapotaka kumchukua msichana roboti aitwaye Helena, kijana Primus anajitoa badala yake. Anapotaka kumchukua Primus, Helena anajitoa. Katika tamthilia nzima kila mmoja amekuwa akimtuma mwingine. Hawa wawili ndio wa kwanza kukataa kumtuma mwenzi na kwenda wenyewe. Kiswahili kina neno lake: wamejituma. Utu wao haukuthibitishwa na akili, ambayo roboti walikuwa nayo tangu mwanzo. Umethibitishwa na kauli ya kujitenda. Kuanzia hapo mfasiri hana hiari tena; i-zi imekufa, na a-wa inatawala.

Sheria za mtumwa mwema

Baada ya Čapek, aliyeathiri zaidi fikira za watu juu ya jambo hili ni Isaac Asimov. Katika hadithi yake ya 1942, Runaround, aliziorodhesha sheria tatu: roboti asimdhuru mtu wala asimwache akadhurika, amtii mtu, isipokuwa utii huo ukipingana na sheria ya kwanza, ajihifadhi, mradi asipingane na hizo mbili. Sheria hizi husifiwa kama msingi wa maadili ya mitambo. Zikisomwa kwa jicho la mtu wa pwani, hata hivyo, zinafanana na wasia wa bwana kwa mtumwa mwema: usimguse bwana, mtii bwana, jitunze kwa kuwa wewe ni mali ya bwana. Hakuna hata moja inayomfunga anayetuma.

Ni haki kusema kwamba Asimov mwenyewe aliijua kasoro hiyo. Hadithi zake nyingi huishi kwa kuonyesha sheria hizo zikigongana, na katika The Bicentennial Man ya 1976 roboti anakubali kufa ili ahesabiwe mtu. Lakini umma uliyachukua maagizo na kuiacha mivutano yake.

Roboti nje ya jukwaa

Suala hili limetoka jukwaani zamani. Tarehe 25 Januari 1979, siku ya kutimia miaka 58 tangu onyesho la Prague, mfanyakazi wa kiwanda cha magari cha Ford huko Flat Rock, Michigan, alipigwa na mkono wa roboti akafa. Sentensi ya kueleza tukio hilo ni mtihani wa maadili. Ukisema roboti alimuua mfanyakazi, umekipa chuma upatanisho wa mtu, na pamoja nao umekipa hatia. Waliokiunda na waliokiweka bila kinga wametoweka katika sentensi. Mahakama haikudanganyika: mwaka 1983 iliamua waliounda mtambo ule walipe jamaa za marehemu dola milioni 10. Ilimtafuta mtumaji.

Kwa hiyo hatari ni mbili, nazo zinakabiliana. Ya kwanza ni kumpa mtu upatanisho wa kitu, ili auzwe. Ya pili ni kukipa kitu upatanisho wa mtu, ili mwenye kitu asiulizwe. Karne zilizopita ziliijua zaidi ile ya kwanza. Karne hii inaizoea ya pili. Mwezi wa Oktoba 2017 serikali ya Saudia ilitangaza kuipa uraia roboti yenye sura ya mwanamke iitwayo Sophia. Mwezi wa Februari mwaka huo huo Bunge la Ulaya lilikuwa limepitisha azimio juu ya sheria za roboti, ambalo katika utangulizi wake linamtaja Čapek kwa jina. Azimio hilo lilipendekeza kuchunguzwa uwezekano wa kuzipa roboti za hali ya juu hadhi ya nafsi ya kielektroni mbele ya sheria, na mwaka uliofuata wataalamu wengi wa Ulaya waliandika barua ya wazi kulipinga. Jambo la kupendeza ni kwamba azimio hilo hilo lilisema pia kwamba sheria za Asimov zihesabiwe kuwa zinawahusu wabunifu, watengenezaji na waendeshaji, maana haziwezi kugeuzwa kuwa maandishi ya mashine. Kwa mkono mmoja lilimfuata Busman, kwa mkono wa pili likamfuata Alquist.

Nairobi nayo haiko mbali na kisiwa cha Rossum. Mwezi wa Januari 2023 jarida la Time la Marekani lilieleza jinsi wafanyakazi wa jiji hilo walivyolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha maandishi ya ukatili na uchafu, ili programu ya mazungumzo iliyoundwa Marekani ifunzwe kuyaepuka. Programu za namna hiyo husemwa kwamba zimejifunza. Mwanasarufi hana budi kusimama hapo. Kauli ya kujitenda, ambayo Primus na Helena waliipata kwa kujitoa wafe, hapa inatolewa bure kwa programu, na aliyeifunza anafutwa. Kauli sahihi ni kwamba imefunzwa, kwa kuwa kauli ya kutendwa huacha nafasi ya kuuliza: imefunzwa na nani, na kwa ujira gani? Domin aliahidi kuiondoa robota duniani. Kumbe robota haikuondoka. Ilihamishwa mahali isipoonekana.

Hitimisho

R.U.R. haina jibu la mwisho kuhusu hadhi ya roboti, na haifai kulazimishwa kulitoa. Inachotoa ni kipimo. Palipo na kiumbe anayeumia na anayeweza kujitoa kwa ajili ya mwingine, i-zi ni dhuluma. Palipo na mtambo unaotenda kwa agizo la mwenyewe, a-wa ni maficho. Kwa tamthilia hii, mfasiri wa Kiswahili angefanya vyema kuuacha upatanisho ugombaniwe jukwaani: Domin ashikilie yake, Helena ashikilie yake, hadi onyesho la mwisho litakapoamua. Kwa mitambo ya viwandani na ya maofisini, waandishi wa magazeti, wa sheria na wa kamusi wangefanya vyema kushika roboti hii na roboti hizi, si kwa kudharau ufundi wake, bali ili kila sentensi iache nafasi ya mtumaji.

Jambo hili haliwezi kuachiwa wahandisi peke yao. Kamati za istilahi na idara za lugha hutoa maneno ambayo kwayo mahakama na mabunge yatakuja kuhukumu. Kiambishi kikikosewa leo katika kamusi, kesho kitamwondolea mtu lawama mahakamani. Mjumbe hauawi, lakini desturi hiyo haikusudiwi kumficha aliyemtuma.